Shangazi wa Ukoo: "Nimesachi jina la babu mkwe nimepata maelfu!"

Wapendwa, barua za mwezi huu ni Denmark tupu. Zimekuja kutoka Aarhus, Copenhagen, Odense, Haderslev na moja kutoka nyumbani Arusha, na zote zinauliza kitu kimoja, vile vitabu vya kanisa. Nimefurahi mno maana hii ndio kazi ninayoipenda kuliko zote, nimeolewa huku mwaka wa 22 sasa na wanangu watatu nusu ya watu wao wamelala ndani ya hivyo vitabu, kwa hiyo nisameheni nikirefusha.

*Shangazi shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, niko Aarhus mwaka wa saba, mume wangu ni Mdenishi. Mwalimu wa mtoto wetu mkubwa kawapa kazi ya kuchora mti wa ukoo. Upande wangu nimeujaza mpaka babu wa babu kwa kichwa tu, ila upande wa baba yao tumekwama kwa babu yake mume wangu, Jens Nielsen, mama mkwe anasema tu "walitokea huko karibu na Randers". Nimesachi Google nimepata maelfu ya Jens Nielsen. Naambiwa vitabu vya kanisa vyote viko onlaini tena bure ila nikivifungua sioni hata pa kuandika jina. Nakosea wapi? – Mama Wawili, Aarhus*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuubeba ukoo wako kichwani.

Hujakosea chochote. Huoni pa kuandika jina kwa sababu kitabu chenyewe ni picha za kurasa, zimepigwa moja moja zikawekwa kwenye tovuti ya Rigsarkivet, yaani nyaraka za taifa, sehemu inaitwa Arkivalier Online. Pale unachagua mkoa, wao wanaita amt, na ni ile mikoa ya zamani ya kabla ya 1970, halafu usharika, wao wanaita sogn, halafu miaka, ndio unafunguliwa ukurasa. Kwa hiyo swali la kwanza Denmark sio "anaitwa nani", swali ni "wa usharika gani". Sharika ziko zaidi ya 2,000, na ukikosea usharika unaweza kukaa mwaka mzima unasoma ukoo wa watu wengine.

Jina la babu halikusaidii na sisi watu wa pwani tunaweza kulielewa hili haraka kuliko wao wenyewe. Jens Nielsen wa zamani ni kama kusema Jens bin Niels, basi. Dada yake ni Kirsten Nielsdatter, Kirsten binti Niels. Mtoto wa kiume wa Jens akipewa jina Peder anakuwa Peder Jensen, hana Nielsen tena, na mama yao akiolewa anabaki na jina la baba yake mpaka kaburini. Mwaka 1828 ikatoka amri watoto wabatizwe na jina la ukoo lisilobadilika, lakini vijijini watu waliendelea na desturi yao miaka mingi baadaye, mchungaji huyu anaandika hivi yule vile, sheria ikabidi irudi tena 1856. Ndipo majina yakaganda pale yalipokuwa, aliyekutwa ni Nielsen uzao wake wote ukawa Nielsen hata kama hakuna Niels tena. Ndio maana mpaka leo Nielsen, Jensen na Hansen wamejaa nchi nzima na wengi wao hawana undugu wowote. Halafu 1904 ikaja sheria ya kurahisisha kubadili jina, watu wengi wakaziacha hizo "sen" wakachukua jina la kijiji au la shamba walilotoka, kwa hiyo ukiona jina limebadilika ghafla miaka ile usidhani umepotea, na hilo jina jipya lenyewe mara nyingi linakuonyesha mahali pa kwenda kutafuta.

Sasa usharika unaupataje. Anza na mama mkwe, lakini usimuulize majina, muulize mahali. Mwambie alete boksi la karatasi, kila familia ya huku inalo, liko darini au kwenye kabati la korido. Tafuta cheti cha ubatizo kimeandikwa dåbsattest, tafuta kadi za kipaimara, geuza picha usome nyuma. Makaburi usiyategemee sana, huku kaburi ni la kukodi, muda ukiisha na familia isipolipia linaondolewa na jiwe linaondoka, mimi nililia siku nilipojua hilo. Kama boksi halina kitu basi nenda kwenye sensa. Sensa ya 1787 ndio ya kwanza kuandika majina ya watu karibu nchi nzima, halafu 1801, 1834, 1840, na ya 1845 ndio ya kwanza kuandika mtu kazaliwa usharika gani, hiyo ni dhahabu. Na sensa nyingi watu wa kujitolea wameshazinakili, ukiingia Danish Family Search unaandika jina na umri kama ulivyozoea, ukishampata ndio unarudi kwenye kitabu cha kanisa kuhakikisha. Angalia tu majina ya sharika yanajirudia, Vejlby ziko kadhaa, Lyngby vilevile, kwa hiyo daima andika usharika pamoja na mkoa wake.

Ukishaupata, rudi nyuma hatua moja moja. Babu, halafu wazazi wake, halafu wazazi wao, usiruke hata mmoja. Nakwambia hivi kwa sababu yalinikuta. Nilikuwa namtafuta bibi mmoja wa upande wa mume wangu, Kirsten Nielsdatter, nikampata kwenye kitabu cha usharika wake, mwaka sawa, baba Niels, nikafurahi nikaendelea na huyo baba na babu yake miezi mitatu usiku kwa usiku watoto wakilala. Siku moja nikawa napekua kurasa za waliokufa, kwa upande wa wanawake, nikaona mstari: tarehe ya kufa, tarehe ya kuzikwa, Kirsten Nielsdatter, mtoto wa kike, miaka 4, na jina la baba na kijiji ni vilevile. Yule mtoto niliyekuwa namfuata alishakufa mdogo. Wangu alikuwa binti wa Niels mwingine nyumba ya pili, kabatizwa wiki tano baadaye, yuko ukurasa unaofuata. Tangu siku hiyo nikimpata mtoto kwenye ubatizo naenda kwanza kwenye waliokufa miaka kumi mbele, nikiona hayupo ndio naendelea. Na wewe fanya hivyo, maana mtoto akifa anayefuata alipewa jina lilelile, unaweza kukuta Jens watatu wa baba mmoja na mama mmoja na aliyeishi ni wa tatu.

Ukifungua kuanzia 1814 utapumua, maana kuanzia hapo vitabu vina fomu zilizochapishwa. Waliozaliwa wavulana peke yao na wasichana peke yao, halafu kipaimara, ndoa, waliokufa, wote kwa sehemu zao. Mstari wa mtoto unakupa namba, siku aliyozaliwa, jina, siku ya ubatizo na kama ni nyumbani au kanisani, halafu wazazi, kazi yao na wanapokaa, halafu wasimamizi wa ubatizo. Watu wengi wanakimbilia wazazi wanaruka wasimamizi, mwanangu usiruke wasimamizi! Pale ndipo shangazi na wajomba walipo. Mara nyingi kaandikwa na mwanamke aliyembeba mtoto mpaka kwenye maji na mwingine aliyeshika kofia yake, na huyo mbebaji mara nyingi ni dada wa baba au wa mama. Mimi Niels wangu niliwatenganisha kwa huyo mbebaji, jina lake na kijiji chake vikanipeleka kwa wazazi wa mama wa mtoto ambao nilikuwa sijawahi kuwaona popote.

Na majina ya watoto yenyewe yanaongea. Wakikuyu watalielewa hili bila maelezo, mtoto wa kwanza wa kiume mara nyingi alipewa jina la babu upande mmoja, wa pili la babu upande wa pili, wasichana vilevile kwa mabibi. Na mtu akifiwa na mke akaoa tena, binti wa kwanza wa ndoa mpya kwa kawaida alipewa jina la yule mke aliyetangulia. Mara ya kwanza kuliona hilo nilimwamsha mume wangu saa sita usiku kumwonyesha, mke mpya anamzaa binti na anaitwa jina la marehemu, nyumba nzima inaendelea kumwita.

*Shangazi habari yako. Mimi ni Mkenya, mwanafunzi hapa Copenhagen, kuna mzee jirani macho yamemwisha amenilipa kidogo nimsomee vitabu vya kanisa vya kwao vya miaka ya 1700. Tatizo tarehe hazipo. Kuna mahali imeandikwa "Dom. 5 p. Trin. 1742" na kwingine "d. 7br", nikamwandikia tarehe saba ya Februari lakini yeye anakataa. Na mwandiko wenyewe ni balaa. – Kijana wa Nakuru*

Kijana, mzee yuko sawa. Hiyo 7br sio tarehe wala sio mwezi wa saba, ni Septemba, maana neno lenyewe kwa Kilatini ni la saba. Kwa hiyo 8br ni Oktoba, 9br Novemba, na Desemba utaiona 10br au Xbr. Makosa hayo yanafanyika kila siku.

Na hiyo Dom. 5 p. Trin. ni Jumapili ya tano baada ya Utatu. Mchungaji wa enzi hizo alihesabu mwaka kwa sikukuu kama unavyoona kwenye kalenda ya KKKT, kanisa la Kilutheri la kwetu Tanzania, mpaka leo. Unatafuta Pasaka ya mwaka huo, unahesabu wiki nane mbele unapata Jumapili ya Utatu, halafu unaongeza Jumapili tano. Pasaka ya 1742 ilikuwa 25 Machi, Utatu ikawa 20 Mei, kwa hiyo yako ni 24 Juni 1742. Lakini mwambie mzee hiyo ni siku ya kubatizwa, kuzaliwa ilikuwa siku chache kabla na kwa miaka hiyo mara nyingi hawakuiandika. Kuna kalenda za bure mtandaoni zinakupigia hesabu lakini jifunze kuhesabu mwenyewe, utakuwa na kasi zaidi. Jambo la kuangalia ni mwaka 1700, Denmark ilihama kalenda, ikalala 18 Februari ikaamka 1 Machi, ukikuta pengo hapo usimlaumu mchungaji.

Mwandiko ni wa Kigothi na shule za huku ziliuacha 1875, kwa hiyo hata Wadenishi wenyewe wengi hawausomi, usijione mnyonge. Herufi "e" inafanana na "n", na "u" inawekewa kijikunjo juu ili isichanganywe na "n", ukikijua hicho kijikunjo tu umeshapiga hatua. Usianze na neno gumu. Anza na maneno unayojua lazima yapo, majina ya miezi, jina la usharika, Jens, Peder, Anne, Maren, unaangalia mchungaji huyu anaandikaje "r" yake na "s" yake, halafu unazipeleka kwenye neno lisilosomeka. Kila mchungaji ana mkono wake, akihamishwa unaanza upya. Mimi nilichukua daftari nikawa naandika alfabeti ya kila mchungaji ukurasa wake, mpaka leo ninalo.

Kuna kitu nataka umwulize mzee, kama usharika wao una vitabu vya tangu lini. Mfalme Christian IV aliamuru 1645 wachungaji wa kisiwa cha Sjælland waandike, mwaka uliofuata ikawa nchi nzima, lakini vingi vya zamani viliungua pamoja na nyumba za wachungaji. Ndio maana kuanzia 1814 wakaweka utaratibu mzuri mno, vitabu viwili, kimoja cha mchungaji na kimoja cha karani wa kanisa ambaye mara nyingi ndiye alikuwa mwalimu wa shule, na ikakatazwa vitabu hivyo viwili kulala usiku chini ya paa moja. Ukikuta cha mchungaji kina doa la maji au kurasa zimechanika, fungua cha karani, wote wawili wameandika mtoto yuleyule.

*Dada, nahudumia wazee hapa Odense. Kuna bibi mmoja ana miaka 91, ananipenda sana, ameniomba nimsaidie kujua bibi yake mzaa mama alikuwa mtoto wa nani. Tumepata ubatizo wake wa 1868, jina la mama lipo, la baba hakuna na kuna neno "uægte". Bibi amelia. Nimwambie nini? – Mhudumu, Odense*

Pole mdogo wangu, na mpe pole na bibi. Neno hilo maana yake mtoto wa nje ya ndoa, na wamelitumia kama lebo kwenye kila karatasi ya maisha yake. Mwambie alikuwa na wenzake wengi sana, vijana wa kazi na wasichana wa kazi waliishi mashambani kwa watu wakisubiri miaka mpaka wapate pa kuanzia maisha, na watoto walizaliwa humo.

Msirudi nyuma bado, someni tena mstari wote mpaka safu ya mwisho ya maelezo. Mara nyingi baba hayupo safu ya wazazi lakini yuko kule mwisho, kaandikwa kama udlagt barnefader, yaani mwanaume ambaye mama amemtaja kuwa ndiye baba. Na kuna kitu kingine watu hawakijui, kwa mama ambaye hajaolewa mchungaji mara nyingi aliandika alikuwa akiishi wapi miezi 10 kabla ya kujifungua. Sababu ilikuwa ni mambo ya nani atabeba gharama za matunzo, lakini kwenu ni mwanga, inawapeleka kwenye shamba lilelile mimba ilipoingia. Mkishajua shamba, angalieni wasimamizi wa ubatizo kama kuna mwanaume wa shamba hilo, na angalieni vitabu vya ndoa miaka miwili mitatu mbele, wengi walioana baadaye.

Halafu mfuateni mtoto mwenyewe kwenye kipaimara, akiwa na miaka 14 hivi. Kipaimara kilikuwa lazima tangu 1736 kwa hiyo karibu kila mtu yumo, na ukurasa ule una utajiri wake. Unakuta wazazi wametajwa tena, na safari hii baba anaweza kuwa ametajwa, unakuta mchungaji ametoa maksi za elimu na tabia, na unakuta tarehe aliyochanjwa ndui na jina la aliyemchanja, maana tangu 1810 bila chanjo hupati kipaimara. Mfikirie bibi yenu msichana wa miaka 14 amesimama mbele ya kanisa lote na kaandikiwa maksi nzuri sana ya elimu, mimi ningemsomea bibi hilo kwanza kabla ya kitu kingine.

Kama mama alijifungulia Copenhagen kwenye Fødselsstiftelsen hapo ni pagumu kweli, ile nyumba ya kujifungulia iliwaruhusu wanawake kuzaa bila kutaja majina na walikwenda kule kutoka pande zote za nchi. Lakini wenu jina la mama lipo, kwa hiyo mna mahali pa kushika.

Na jambo moja la kazini kwako, hizi ni habari za bibi, usizipige picha ukaweka kwenye grupu la WhatsApp hata la familia yako, na mwombe ruhusa kwa msimamizi wako kabla hamjaendelea.

*Shangazi, niko Arusha, nina miaka 52. Baba yangu alikuwa mjitoleaji wa Kidenishi, alikuja miaka ile akajifunza Kiswahili pale kituo cha Usa River, mama alimpenda, mkataba ukaisha akaondoka nikiwa tumboni. Mama amefariki mwaka jana ndio nikapata bahasha yake, ndani kuna picha na jina kamili la baba na tarehe yake ya kuzaliwa 1938 na jina la kijiji. Sitaki hela ya mtu, nataka kujua watu wangu. Vitabu vya kanisa vinaweza kunisaidia? – Mtoto wa Usa River*

Kaka yangu, pole sana kwa msiba wa mama, na asante kwa kuniamini na barua hii, nimeisoma mara tatu.

Ndiyo, vinaweza. Hicho kituo kilianza 1967 kwa ajili ya kuwaandaa wajitoleaji wa Denmark, kwa hiyo hadithi ya mama na miaka yako vinaendana vizuri. Na una vitu vyote vinavyotakiwa, jina, tarehe na mahali, wengi wanaoniandikia wana kimoja tu.

Kitu ambacho wengi nyumbani hawakijui, Denmark mtoto anaandikishwa kuzaliwa na ofisi ya kanisa la usharika mpaka leo, hata kama wazazi ni Waislamu au hawana dini, isipokuwa kule kusini Jutland. Kwa hiyo baba yako yumo hata kama familia haikuwa ya kwenda kanisani. Waliozaliwa vitabu vyao vinafunguliwa baada ya miaka 50, kwa hiyo wa 1938 uko wazi. Chukua jina la kijiji, tafuta kiko usharika gani, fungua waliozaliwa wavulana 1938, nenda moja kwa moja kwenye tarehe. Utawakuta babu na bibi yako, kazi ya babu, wanapoishi, na wasimamizi wa ubatizo ambao kama nilivyosema ni shangazi na wajomba. Halafu fungua sensa ya 1940, baba atakuwa mtoto wa miaka miwili hivi, na sensa inaandika waliokuwa nyumba moja. Hapo unaweza kuwaona kaka na dada zake waliomtangulia, na hao wana watoto, ni binamu zako wa umri wako, wengine pengine wanakutafuta na wewe bila kujua jina lako.

Ila nakuomba kama dada, ukishawapata usiwavamie Facebook usiku wa manane. Baba kama yuko hai ni mzee wa miaka themanini na kitu, na inawezekana hajawahi kumwambia mtu. Andika barua ya karatasi, fupi, weka picha ya mama na ile picha ya bahasha, sema wewe ni nani na unataka nini kama ulivyoniambia mimi, kwamba hutaki hela. Andika kwa Kiingereza rahisi au nitumie nikutafsirie kwa Kidenishi, sitakutoza kitu. Barua ikikaa miezi bila jibu usiione kama mlango umefungwa, mtu mzima anahitaji muda kuzoea habari kama hiyo.

Na hata wao wakikaa kimya, vile vitabu haviwezi kukukatalia. Babu yako alivyokuwa na kazi gani, bibi alitoka usharika upi, mpaka miaka ya 1700 na kuzidi, hayo ni yako na hakuna wa kukuomba sababu.

*Shangazi, mume wangu kwao ni Haderslev, nimefuata maelekezo yote ya kwenye mitandao lakini vitabu vya huko haviko kama vya wengine, vingine ni Kijerumani. Pia kwenye vitu vya bibi yake kuna kijitabu kidogo kimejaa mihuri ya kanisa, kimeandikwa Skudsmaalsbog, ndio nini? – Mama Ida, Haderslev*

Mama Ida, huko kwenu ilikuwa ardhi ya Schleswig, baada ya vita vya 1864 ikaenda kwa Wajerumani na ikarudi Denmark 1920 kwa kura. Kwa hiyo fomu zile za 1814 huko hazikutumika, na majina ya bin na binti yalipigwa marufuku mapema, 1771, miaka mingi kabla ya Denmark penyewe. Na kuanzia 1874 kuzaliwa, ndoa na vifo viliandikwa serikalini, kwa hiyo baada ya mwaka huo tafuta personregister, kitabu cha kanisa ukitumie kuongezea.

Hicho kijitabu kitunze kama hati ya kiwanja! Ni kitabu cha mtumishi, vilianza 1832, kila msichana au kijana wa kazi alikuwa nacho, akihama shamba bwana wake anaandika kamtumikia kutoka lini mpaka lini, na mchungaji anagonga muhuri wa kuondoka na mwingine wa kufika. Siku za kuhama kwa kawaida zilikuwa mbili kwa mwaka, 1 Mei na 1 Novemba, utaona tarehe zinazunguka hapohapo. Yaani hapo una maisha yake yote ya ujana, shamba kwa shamba. Ila kama vya wengi, hiyo mihuri ya usharika haisomeki vizuri, ipige picha kwa taa ya pembeni sio ya juu, wino uliofifia unajitokeza. Halafu fungua ukurasa wa mwanzo kabisa, kabla ya bwana wa kwanza, pale ndipo kwa kawaida utakuta alipozaliwa na alipopata kipaimara. Nitumie ukurasa huo.